Springi ya Mlango wa Shangazi

Uzi wa pili ulikataa kurudi nyumbani. Ulipanda vizuri, ukatoa ule mlio wa kujililia ambao wapiga gitaa huuita hisia, lakini ulipoachiwa ulishuka ukasimama juu kidogo ya pale ulipotoka, kama mgeni aliyekwisha kuaga kisha akaganda mlangoni na stori mpya. Tofauti yenyewe ilikuwa ndogo. Sikio la kawaida lisingeijali. Fundi aliisikia, na ilimuuma kuliko jino bovu, kwa sababu alikuwa mtu ambaye hajawahi kukosea. Ukitaka ushahidi, mwulize mwenyewe.

Alikuwa fundi wa magitaa ya umeme, na karakana yake ilikuwa chumba cha nyuma cha nyumba yao, kati ya jiko na stoo. Wateja walimwita Daktari, na ili wasije wakasahau alikuwa ameshonesha neno hilo kifuani mwa koti jeupe. Mkewe alimwita "wewe".

Gitaa lililokuwa mezani ni la mpigaji wa bendi ya harusini aliyejiita Machozi, kwa madai kwamba akipiga watu hulia. Mke wa fundi alikiri kwamba kuna siku alikaribia kulia kweli, maana milango ya ukumbi ilikuwa imefungwa. Machozi alikuwa amekuja kufungiwa kifaa cha kuvuta uzi. Kazi hiyo haina uchawi wowote. Unachimba tumbo la gitaa kwa nyuma, unaweka wenzo ndani. Ncha moja inashikwa na mkanda wa begani, ncha nyingine inashika uzi wa pili. Mpigaji akilisukuma gitaa chini, mkanda unavuta wenzo, wenzo unavuta uzi, sauti inapanda. Akiliachia, springi inarudisha kila kitu mahali pake. Springi ikiwa laini, uzi unajipandia wenyewe kila ukiguswa. Ikiwa ngumu, mpigaji anateguka bega. Kila kitu ni springi.

Fundi alikuwa amejaribu springi za kila namna: ya cherehani iliyokufa, ya kiti cha ofisini, mbili za mtego wa panya. Hakuna iliyomfaa. Kuagiza ya dukani aliona ni kujidhalilisha. Ndipo jicho lake lilipotua kwenye mlango wa stoo, pale mwisho wa korido.

Nyumba ile waliachiwa na shangazi wa mkewe. Mlango wa stoo haukuwa na kitasa wala komeo. Ulikuwa na springi moja nyeusi, nyembamba na ndefu, iliyouvuta ukajifunga wenyewe kila ulipofunguliwa. Shangazi aliishi na mlango huo mpaka uzee. Aliingia akachota unga, akatoka, akasimama hapo hapo akisubiri usikike umegonga fremu, ndipo alipoondoka. Wapwa zake aliwaambia jambo moja tu: "Huo mlango hauachwi wazi, na msiniulize." Hawakumwuliza. Lakini fundi alikuwa mkwe, na wakwe wana ugonjwa wa kudhani kwamba kilichokuwapo kabla yao hakina sababu ya kuwapo. Aliifungua springi kwa koleo, mlango akauegemezea tofali, akaenda zake. Ndani ya gitaa springi ilikaa utadhani ilizaliwa humo. Mkewe hakuambiwa. Na fundi alipopita koridoni baadaye akakuta tofali limesogea na mlango umeacha mwanya wa kupitisha mkono, alilirudisha kwa teke, bila hata kusimama.

Mke wa fundi alikuwa mtangazaji wa redio. Kazi yake ilikuwa kusoma matangazo ya vifo kila adhuhuri, na alikuwa na sauti iliyoumbwa kwa ajili hiyo: nzito, ya chini, isiyo na haraka. Watu walisema ukisomwa na yule mama, hata kama uliishi ovyo, unazikwa kwa heshima. Sauti hiyo ndiyo iliyokuwa mkate wake, na ndiyo aliyoitumia nyumbani kumweka mumewe mahali pake.

"Leo fundi mitambo kaniuliza kama nina mafua," alisema siku moja akivua viatu. "Nimesema sina. Akanisogezea maikrofoni. Nikasikia mwenyewe kwenye vile visikilizio, nimepanda."

"Umepanda wapi?" fundi aliuliza bila kuinua macho. Alikuwa akipiga tupa kile kijipande cha mfupa kinachobeba nyuzi shingoni mwa gitaa.

"Sauti, wewe. Sauti imepanda."

"Kunywa maji moto."

"Daktari kaongea," alisema mkewe. "Hebu wauguzi wote waandike."

Fundi aliendelea na tupa. Alikuwa na maradhi makubwa zaidi. Alipanua mfereji wa uzi kwa unywele mmoja, akaupaka unga wa penseli ili uzi uteleze, akaunyoosha uzi mpya kwa vidole mpaka ukachoka kunyooka. Kila alichokifanya kilipunguza kasoro kidogo. Na kila kasoro ilipopungua, kutoka koridoni ilikuja harufu ya nywele zilizolala ndani ya maji, na sauti nyembamba, mchana kweupe, kama ukucha unaoburutwa polepole juu ya waya. Alidhani ni panya. Halafu, mchana mmoja wenye joto, alisukuma gitaa chini, akaliachia, na uzi ukarudi. Mshale wa kipima sauti ulisimama katikati bila kutetemeka. Alirudia. Katikati. Alirudia mpaka bega likauma. Katikati.

Mtu mwingine wa kazi hiyo angeliweka gitaa chini na kutoka nje. Nyuzi ni chuma. Chuma hupanuka, husinyaa, huchoka. Hakuna gitaa lisilopoteza sauti yake, sembuse lenye kifaa cha kuvuta. Fundi aliona ni kipaji chake.

Machozi alikuja kulijaribu, akaliunganisha kwenye amplifaya, akafumba macho kama kawaida yake.

"Daktari," alinong'ona, "hili gitaa lina roho."

"Ni kazi tu," alisema fundi, akitaka aambiwe tena.

Jikoni, mkewe alikuwa kwenye simu na dada yake mkubwa, mwalimu mstaafu wa hesabu. Alikuwa katikati ya sentensi ya kawaida kabisa, kuhusu bei ya gesi, Machozi aliposukuma gitaa chini. Na neno "mtungi" lilianza kwa sauti ya mtu mzima likaishia kwa sauti ya binti. Machozi akaachia. Mke wa fundi akajaribu tena, "mtungi", na sauti ikashuka, lakini haikufika chini. Ilisimama juu kidogo ya pale ilipotoka.

"Unanichezea?" dada aliuliza upande wa pili.

"Dada," alisema, na mkono wake usioshika simu ulikuwa tayari kooni, "njoo."

Dada hakuja siku ile, kwa kuwa watu wenye akili huwa na shughuli. Alikuja wiki iliyofuata, na wakati huo redio ilikuwa imempumzisha mdogo wake. Wasikilizaji walikuwa wamepiga simu kulalamika kwamba marehemu wao anatangazwa na katuni. Mtangazaji mwenyewe alikuwa amegundua kila kitu isipokuwa sababu. Alimvuta dada yake mpaka karakana, ambako Machozi alikuwa akifanya mazoezi ya harusi kubwa ya Jumamosi, akamwambia kwa sauti iliyokwisha kuwa nyembamba kama ya mtoto wa chekechea, "Sikiliza. Wewe Machozi, sukuma."

"Nisukume nini, mama?"

"Hilo gogo lako. Sukuma chini."

Machozi alisukuma. Mke wa fundi alihisi kitu chembamba, kama kidole kisicho na mfupa, kikijikunja shingoni mwake kwa ndani na kumvuta juu kutoka kifuani, polepole, kwa kipimo kilekile cha uzi. Alikuwa akisema "aaa" na ile "aaa" ilipanda bega kwa bega na gitaa, isiachane nalo hata kidogo, mpaka dada mtu akashindwa kujua ipi ni ya chuma na ipi ni ya mdogo wake.

"Acha!" dada alisema. Machozi akaacha. Gitaa lilirudi. Mtu hakurudi.

"Sadfa," alisema fundi.

Dada alikuwa akinusa. Alitoka koridoni, akasimama mbele ya mlango wa stoo uliokuwa wazi kabisa, tofali likiwa upande wa pili wa sakafu, na aliporudi uso wake ulikuwa wa majivu.

"Shemeji, springi ya shangazi iko wapi?"

"Springi gani?"

"Nimefundisha watoto miaka yote. Najua uso wa aliyekula chaki. Springi iko wapi?"

"Chuma ni chuma, dada," alisema fundi. "Mlango hauna kazi. Nimekipa chuma kazi."

"Humo kuna mpangaji," dada alisema, akishusha sauti, asigeuke nyuma. "Shangazi aliniambia mimi peke yangu, kitandani pale mwisho. Jini lisilo na koo. Linatafuta la kuazima. Halina nguvu ya kuvuta mlango unaovutwa. Ndiyo maana springi, siyo kufuli. Wewe umeitoa hiyo springi, ukaifunga kwenye mashine ya kuvuta sauti."

Kilichotakiwa baada ya hapo ni neno moja, "nimekosea". Fundi alilitafuta mwilini mwake kote hakuliona, akaita mganga badala yake. Mganga alikuwa na faida moja kubwa: hangeuliza habari za springi.

Alifika kesho yake mchana na begi la kompyuta, miwani ya jua, na kadi iliyosema anashughulikia majini, nyota, mapenzi, vyeo na visa za kusafiria. Alimkalisha mke wa fundi kwenye stuli katikati ya karakana, akazunguka chumba mara kadhaa akishangaa amplifaya, akafukiza kitu kilichonuka kama plastiki.

"Ni husuda," alisema. "Kuna mtu wa karibu. Mwanamke. Ana elimu kidogo."

"Elimu nyingi," alisema dada kutoka pembeni. "Endelea."

Mganga alinyoosha fimbo kuelekea koo la mgonjwa. "Wewe uliyemo! Nakuamuru, sema unataka nini!"

Gitaa lilikuwa limelala mezani, halijaguswa, halijaunganishwa popote, mkanda wake ukining'inia. Na mbele ya macho yao ule mkanda ulianza kukazika, ukanyooka kama unavutwa na mtu aliyechuchumaa chini ya meza, wenzo ukalia kidogo ndani ya mbao, uzi wa pili ukapanda bila kupigwa, ukaendelea kupanda ukipita pale kifaa kinapoweza kufika, na shingo ya yule mama pale kwenye stuli ikarefuka kwa kunyooka, mishipa ikasimama miwili miwili, kinywa kikafunguka, na likatoka neno moja, si kwa sauti ya mtoto wala ya ndege, bali kavu kama kutu:

"Kaza."

Moshi ulisimama hewani. Halafu mkanda ukalegea.

Mganga alivua miwani, akaivaa tena. "Hili," alisema, akikusanya vitu vyake haraka, "linahitaji mtu wa umeme." Geti lilisikika likifungwa kabla hajamaliza sentensi.

Jumamosi asubuhi mke wa fundi alikuwa amebakiwa na mluzi. Alipofungua mdomo, mbwa wa majirani walianza kubweka, na maneno yenyewe yalisikika kwa shida, kama yanatokea kwenye tundu la sindano. Machozi alikuja kuchukua gitaa akakuta dada amekaa juu ya kisanduku cha kulibebea.

"Jamani, mimi nina shoo leo," alisema. "Nina wimbo mzima wa kuvuta. Bibi harusi ameuomba mwenyewe."

"Ukivuta wimbo mzima, huyu anakatika," dada alisema. "Uzi ukizidi unafanya nini? Unakatika. Kaa chini."

"Sasa mimi nahusika vipi? Mimi ni msanii."

"Ndiyo maana nimekwambia ukae chini, sikukwambia ufikiri."

Alimgeukia fundi. Fundi alikuwa amevaa koti lake.

"Toa hiyo springi."

"Haitolewi hivi hivi," alisema fundi, na hapa, haki yake apewe, alikuwa akisema kweli. "Uzi umekazwa. Nikiitoa sasa, wenzo utaruka na uzi utakatika. Lazima kwanza niushushe."

"Basi mshushe."

Mkewe alisema kitu. Dada aliinama akaweka sikio karibu na midomo yake, kisha akanyanyuka. "Anasema usijifanye daktari. Ushushe tu."

Fundi alishika kigingi cha uzi wa pili kwa vidole viwili, akaanza kukilegeza. Mkewe alifungua kinywa, akatoa "aaa" ili wamfuate; na ule mluzi ulianza kushuka, ukawa sauti ya ndege, ukawa ya kichanga, ukawa ya mtoto anayeimba darasani, sauti ikateremka kama mtu anayeshuka ngazi gizani akipapasa ukuta, ikawa ya binti, ikawa ya mwanamke kijana aliyeolewa juzi, na rangi ikaanza kumrudia usoni, na machozi ya kweli yakamtoka Machozi, bila muziki wowote; na hatimaye ikafika, nzito, ya chini, isiyo na haraka, ile sauti iliyozika mji mzima, ikajaza karakana mpaka nyuzi nyingine zikavuma kwa kuitikia.

"Hapo," alisema mwenyewe, kwa sauti yake mwenyewe. "Hapo hapo. Acha, wewe."

"Hapo!" dada alipiga kelele. "Shemeji, acha!"

Lakini kuna kanuni ambayo kila fundi wa gitaa anaijua, na kila mwanafunzi hupigwa kofi kwa kuisahau: uzi hauachwi kwenye noti, ile sauti unayoilenga, ukiwa unashuka. Ukiuacha hapo utateleza, utakuaibisha jukwaani. Unaupitisha chini ya noti, unaulegeza, kisha unaurudisha kutoka chini, ukipanda. Mtu mwingine angetazama uso wa mkewe. Fundi alitazama kipima sauti, na vidole vyake, ambavyo havijawahi kukosea, viliendelea kuzungusha.

"We' mpumba—" alisema mkewe, na neno likapita chini ya sauti yake, likawa la mzee, likawa mkwaruzo, likawa upepo wa kifua, likawa kimya. Uzi ulilala mbaoni kama utumbo. Mkewe alikaa kinywa wazi, macho wazi, hakuna kilichotoka.

"Haraka sasa," alisema fundi kwa utulivu wa wataalamu. Akachomoa springi, akampa dada. Dada alikimbia koridoni. Walimsikia akihangaika na ndoano, walisikia pumzi zake, halafu kitu kikapita kati ya karakana na stoo, pande zote mbili kwa wakati mmoja, kama watu wawili wanaopishana kwenye mlango mwembamba; ile harufu ya nywele na maji ikaingia chumbani na haikutoka; na mlango wa shangazi ukagonga fremu.

Fundi akaweka springi ya cherehani kwenye nafasi iliyo wazi, akakaza kigingi. Uzi ulipanda kutoka chini, kama inavyotakiwa, na kifuani mwa mkewe kitu kikapanda pamoja nao: upepo, mkwaruzo, mzee, kisha ile sauti nzito. Mshale ukasimama katikati. Akaachia.

Mkewe alifunga kinywa. Akameza, kwa uangalifu, kama anayejaribu kiatu kipya. Akageuza shingo kulia, akaigeuza kushoto.

"Ahsante, mume wangu," alisema. "Hakuna fundi kama wewe."

Sauti ilikuwa sahihi kabisa. Machozi aliinuka polepole, akatazama gitaa lake, akatazama lile tabasamu pale kwenye stuli, akatoka bila gitaa. Ndilo jambo pekee la busara aliloonekana kulifanya maishani.

"Shemeji!" Dada alikuwa akipiga kelele koridoni. "Shemeji, njoo! Mdogo wangu yumo humu! Mlango haufunguki, springi imekaza, njoo tuvute wote!"

Na chini ya kelele za dada, kutoka nyuma ya ule mlango, nzito, ya chini, isiyo na haraka hata sasa, ilikuja sauti nyingine, nayo springi ikitetemeka kwa kila neno:

"Wewe. Nifungulie. Usisimame hapo kama mlingoti, wewe, njoo unifungulie."

Fundi aliisikia. Masikio yake hayakuwa na kasoro. Aliisikia kila silabi. Alipiga hatua moja kuelekea koridoni.

"Kazi yako haina dosari," alisema yule aliyekaa kwenye stuli, akimnyooshea kola ya koti kwa vidole baridi. "Wenzako wote ni wababaishaji. Wewe hujawahi kukosea."

Kucha za dada zilikuwa zikikwaruza mbao. Mbwa walikuwa wamenyamaza. Fundi aliuvuta mlango wa karakana akaufunga, kelele zote zikabaki nje, akarudi akasogeza kiti karibu na ile stuli.

"Hebu rudia," alisema.